Tulivyokwenda Bombo Kumwona Baba Krismasi

Mwaka ule baba watoto alihamishiwa kazi Mtwara, na nyumba yetu ya Same ikapooza. Krismasi ilipokaribia, dada yangu Eliwaza aliteremka kutoka Bombo kuuza ndizi, akawaambia wanangu kwamba kijijini kwao yupo Baba Krismasi, mwenye koti jekundu na ndevu nyeupe. Nikaamua kuwa tangu mwaka ule tutakwenda kumwona kila Krismasi, iwe desturi ya nyumba yetu. Nakundwa alikuwa na miaka saba. Elia alikuwa na minne, naye alisema ana neno la kumwambia Baba Krismasi peke yake.

Alfajiri tuliondoka kwa basi, tukauzunguka mlima kwa upande wa Kisiwani. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha. Kila korongo tulishuka, tukakunja nguo, tukavuka kwa miguu, basi likatufuata. Kwenye korongo moja basi halikutufuata. Tukalisukuma abiria wote, Elia akiwahimiza watu wazima, "Sukumeni, Baba Krismasi anatungoja!" Mzee mmoja wa Kimaasai akaniuliza kwa upole huyo Baba ni mbunge wa wapi.

Kutoka Gonja tulipanda kwa miguu, Elia mgongoni kwangu. Kwa dada tulikuta makande yanachemka.

"Mama mkubwa, shikamoo, Baba Krismasi yuko wapi?" Nakundwa aliuliza kwa pumzi moja.

"Marahaba. Yuko shambani."

"Anafanya nini?"

Dada alinitazama mimi. "Anapalilia."

Tulipokwisha kula ndipo aliponieleza. Baba Krismasi ni Mzee Zefania, seremala, aliyeachiwa lile koti na nesi wa Kizungu aliyerudi kwao. Halmashauri ya kijiji ilikaa kumjadili. Mwenyekiti alitaka kujua mtu anayefanya kazi siku moja kwa mwaka, siku zilizobaki anakula jasho la nani. Walibishana mpaka jioni, wakaamua abaki, ila apalilie shamba la ujamaa kama wengine. Tena apalilie akiwa na koti na ndevu, kwa kuwa aliyetiliwa shaka ni Baba Krismasi. Mzee Zefania hakuwa na kosa.

Asubuhi yake tulimwona kwa mbali, mwekundu katikati ya maharage, ndevu za katani zimefungwa kwa kamba nyuma ya masikio. Mwenyekiti alisimama kwenye tuta.

"Hapa hakuna kupanga foleni ya bure," alitangaza. "Atakayemwona ni atakayemfikia kwa jembe."

Wanangu wakapewa ngwe yao ya kupalilia. Nakundwa aling'oa magugu machache na maharage mengi. Pembeni, pipi zote za sikukuu zilikuwa zimemiminwa kwenye sufuria la chai, mtoto yeyote asije akapata kubwa kuliko ya mwenzake. Chai ilikuwa ya kijani.

Elia ndiye aliyemfikia kwanza.

"Shikamoo, Baba Krismasi."

"Marahaba, mwanangu. Wataka nini?"

"Mlete baba."

Nilitaka kwenda kumchukua. Mzee Zefania akawahi kuchuchumaa.

"Baba yuko wapi?"

"Mtwara. Kazini."

"Basi amepelekwa na Serikali, mwanangu, na Serikali inanizidi nguvu. Mimi mwenyewe si unaona nilipo?"

Elia alimtazama, akalitazama koti lililolowa jasho. "Wamekulazimisha?"

"Wamenilazimisha."

"Pole," alisema mwanangu, akaokota jembe lake.

Wakapalilia bega kwa bega, Elia akiongea habari za Mtwara, mzee akijibu "Eeh" kila mahali panapostahili. Baada ya muda mwenyekiti alishuka kutoka kwenye tuta, akaomba jembe. Hakuna aliyemcheka, ingawa alikata maharage mengi kuliko hata Nakundwa.

Siku tuliyorudi Same, Elia alilala njia nzima bila kulia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu baba yake aondoke. Nilikuwa nimempeleka kwa mtu wa kumpa alichokosa. Yeye akampata mtu aliyekwama kama yeye, na ikamtosha.

Tulirudi Bombo Krismasi nyingi baada ya hapo, kila mmoja na jembe lake. Elia alipoanza shule, wenzake walimwambia Baba Krismasi ni uongo, hayupo popote.

"Yupo," aliwajibu. "Ila sasa hivi ana ngwe ya kumaliza."