Ukuta Aliousikia Mjomba

Jiwe zima hulia ukiligonga. Lenye ufa ndani hutoa sauti fupi, kama chungu kilichopasuka. Mjomba ndiye aliyenifundisha hayo, nilipomaliza darasa la nane na kuanza kumfuata kwenye mjengo. Kabla jiwe halijapanda ukutani, fundi huligonga mara mbili kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Zima linabaki kwenye rundo la kujengea. Bovu linatupwa kwenye kifusi.

Mwaka jana niligundua kwamba mjomba hasikii tena. Alikuwa anagonga, kisha ananitazama usoni. Nikikunja uso, alilitupa. Nisipokunja, aliliweka. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Wenzetu walidhani ananifundisha kazi. Foromani angejua ukweli, mjomba angerudi nyumbani Mutuini siku hiyo hiyo akiwa na begi lake la vyombo, na hakuna mtu mwingine ambaye angemchukua. Kwa hiyo nilikaa karibu naye kila siku, na kwa kuwa mimi si mtu wa maneno, siri haikunisumbua. Kwenye mjengo waliniita Bubu.

"Niaje, Bubu? Leo umesalimia jiwe gani?"

Nilicheka tu.

Mwezi wa nane tulisafiri kwenda kwao mjomba, upande wa Migori, kumzika shangazi yake. Mimi nimezaliwa Mutuini. Kule nilikuwa mgeni, hata lugha yao naisikia nusu nusu. Mjomba ndiye aliyelijengea kaburi, kwa hiyo nyundo yake ndogo ilibaki kwenye mfuko wa koti. Siku iliyofuata aliniambia, "Twende nikuonyeshe mafundi waliokuwa mafundi."

Ilikuwa ngome ya mawe ya kale, juu ya kilima chenye miti ya utomvu mweupe, ile ambayo matawi yake yamesimama kama mishumaa. Hakuna anayejua kwa hakika walioijenga walikuwa nani. Kuta zilinipita kimo, na unene wake mtu angeweza kulala juu yake akajigeuza. Nilitafuta simiti, nikatafuta hata udongo kati ya mawe. Hakukuwa na kitu. Jiwe limeshikwa na jiwe tu, na vipande vidogo vimesukumizwa kwenye nafasi kama kabari. Nilisikia aibu nikikumbuka kuta zetu.

Mama mmoja mwenye sweta ya kijani, aliyetunza mahali pale, alikuwa akifagia majani langoni.

"Karibuni. Mmetoka wapi?"

Mjomba alimtazama midomo, hakushika. Nikajibu mimi, "Nairobi. Sisi ni mafundi wa mawe."

Akacheka. "Mmechelewa. Hapa kazi iliisha zamani." Kisha akatuonyesha mlango, ambao ni mfupi sana, lazima uingie umeinama, kichwa kikitangulia. "Ingieni, tembeeni. Mawe mtazame kwa macho. Msiyagonge."

Mjomba alikuwa amekwisha kuinama. Hakusikia. Ningepaswa kumfuata na kumrudia yale maneno kwa mikono. Lakini mama alikuwa ananitazama, na niliona nikianza kupiga ishara ataelewa kwamba mjomba ni kiziwi. Nikanyamaza, kwa mazoea ya kuificha siri, nikaingia nyuma yake.

Ndani kulikuwa na uwanja wa nyasi na ukuta kuuzunguka pande zote. Mjomba alipitisha kiganja kwenye mawe, polepole, kama anayekagua ng'ombe. Halafu mkono ukaingia mfukoni. Ni mazoea ya kazi. Akatoa nyundo, akagonga mara mbili.

Sikusikia kitu.

Sisemi sauti ilikuwa ndogo. Nje nilisikia fagio la yule mama likikwaruza ardhi, na kengele ya ng'ombe mbali bondeni. Niliiona nyundo ikigusa jiwe na kuruka. Sauti ya nyundo haikuwepo.

Mjomba aligeuka, macho yamemtoka.

"Umesikia?" Alinong'ona. Alikuwa ameacha kunong'ona zamani, siku zote anaongea kwa kelele bila kujua. "Umesikia linavyolia?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya uso wake.

Akagonga jingine. Akacheka. Akagonga jingine, akatega sikio, akasogea, akagonga. Mimi niliona tu mkono ukipanda na kushuka, kimya. Akafika kwenye mlango mwingine mfupi unaoingia kwenye boma dogo la ndani. Akainama, akapotea. Sikumfuata. Nilibaki pale uwanjani.

Nikamsikia akiongea.

"Ndiyo, ni mimi." Kimya kidogo. "Hapana, huyo ni mtoto wa dada yangu." Kimya tena. "Haongei sana." Kisha akashusha sauti, yaliyofuata sikuyashika.

Nikafikiri yule mama amezunguka, ameingia kwa upande mwingine. Nikageuka ili nirudi langoni, nikamkuta amesimama nyuma yangu, fagio mkononi. Hakuwa akitabasamu tena.

"Mtoe," alisema. "Mwite polepole. Usipige kelele."

"Mjomba," nikasema. Sauti yangu hata mtu mwenye masikio mazuri asingeipata kwa hatua tano.

"Nakuja, mbona unapiga kelele hivyo?" alijibu kutoka ndani.

Alitoka ameinama, vumbi kwenye paji la uso, anatabasamu kama mtu aliyekunywa. "Masikio yangu yamefunguka," aliniambia. Yule mama alifunga lango nyuma yetu, ingawa jua lilikuwa bado juu. Hakutuaga.

Tuliposhuka kwenye basi katikati ya jiji la Nairobi asubuhi iliyofuata, mjomba alitembea mbele yangu, kichwa juu, kama anayesikiliza kila kitu. Mkokoteni uliojaa viazi ulikuja nyuma yake, mwenyewe akipiga mluzi na kupaza sauti, "Mzee, sogea! Mzee!" Hakusogea. Nilimvuta koti, gurudumu likapita pale mguu wake ulipokuwa.

"Unanivuta nini?" alisema.

Hapo nikajua masikio yake hayakufunguka. Nikanyamaza tena.

Jumatatu tulirudi kazini, mtaa wa Jamhuri. Tulikuwa tunajenga ukuta wa kuzuia udongo, mrefu, kando ya njia ambayo watoto hupita wakienda shule. Mjomba aligonga mawe na hakunitazama hata mara moja. Jiwe la tatu lilikuwa na ufa. Akaliweka kwenye rundo la kujengea. La tano pia. La sita. Watu wa mkono, wasaidizi wetu, walikuwa wameshachanganya simiti, na mmoja akainama kulibeba lile la tatu.

"Acha hilo!" nilipiga kelele.

Mjengo wote ukasimama.

"Ala! Bubu ana sauti!"

Nilichukua nyundo kubwa, nikalipiga lile jiwe. Likafunguka vipande viwili, na ndani kulikuwa na mstari wa udongo mwekundu, mnene kama kidole. Mjomba aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

Foromani alikuja. "Kuna nini hapa?"

Nilifungua mdomo nidanganye. Mjomba akanitangulia. "Masikio yangu yamekufa, foromani. Siku nyingi. Huyu kijana ndiye anayesikia."

Foromani alikuna shingo, akatazama ukuta, akatazama simiti inayokauka. "Basi kijana agonge, wewe upange. Na msinipotezee muda."

Saa ya chakula tulikaa peke yetu juu ya mbao, na githeri ya mahindi na maharagwe kwenye mikebe. Mjomba alikula vijiko viwili, akaacha.

"Kule kwenye ngome," alisema, "wewe ulisikia nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Hata nyundo?"

"Hata nyundo." Nilisema polepole ili asome midomo. Alisoma.

Aliweka mkebe chini. Mikono yake ilikuwa na simiti iliyokauka, akaanza kuibandua, kipande kimoja kimoja, bila kunitazama.

"Yule wa kwenye boma la ndani aliniuliza jina lako," alisema. "Nilidhani na wewe unamsikia. Ningejua humsikii, nisingelitaja."