Lebo za Fulana za Mgombea

Mpaka leo nikiona fulana za kampeni, natazama kwanza lebo za shingoni.

Kabla ya uchaguzi wa madiwani, mwaka 2016, nilikuwa nashona kwenye duka la jumla la Mchina mmoja, Johannesburg. Cherehani ilikuwa yangu, ndiyo iliyosomesha wanangu. Mwenzangu alikuwa fundi wa Bukavu, Kongo, mgeni kama mimi. Fulana za mgombea zilifika kwa marobota kutoka China, na mgombea alitaka zionekane zimeshonwa hapahapa. Basi tukawa tunafumua kwa wembe lebo za China na kushona za Afrika Kusini. Mgongoni ziliandikwa kwamba wageni warudi kwao. Tulizishona hivyohivyo, maana kodi ya chumba mtaani Bellevue haisubiri.

Mgombea alikuja dukani kula chakula cha bosi. Alimaliza bata karibu mzima, akajifuta vidole kwenye fulana mpya, kisha akamkumbatia bosi wapigwe picha. Bosi akaibandika mlangoni.

"Hii ndiyo kinga yetu," alituambia. Maskini, hakuwa na mwingine wa kumkimbilia.

Baada ya mkutano wa mwisho, umati ulishuka mtaani kwetu ukiimba. Tulijifungia stoo sisi watatu, bosi akimpigia mgombea simu. Haikupokelewa. Walivunja mlango pamoja na picha yake, wakabeba mablanketi, viatu, na cherehani yangu. Nilichungulia kwenye ufa. Mmoja alivua fulana afungie viatu, na pale shingoni nikaiona lebo niliyoishona mimi.

Kesho yake mgombea akaja.

"Eish, hao ni wahalifu tu," alisema, akaagiza fulana nyingine, za marobota yaliyobaki stoo, za kusherehekea ushindi alioutarajia. Bosi akainamisha kichwa, akakubali. Nilitamani kumtemea mate mmoja wao, sikujua yupi.

Alipoondoka, bosi akaniambia nikimaliza kazi ile atanipa cherehani mpya. Akatunyooshea wembe.

"Mi siwezi tena, dada," mwenzangu akasema. "Afumue ye mwenyewe."

Niliwaza karo ya wanangu. Nikachukua mkoba wangu, tukatoka.

Mlangoni niligeuka. Bosi alikuwa amevaa miwani, amekaa juu ya robota, anafumua jina la nchi yake. Hakuijua kazi. Kila lebo ilitoka na kipande cha fulana.