Kompyuta Ilipoipigia R Yetu Nduru

Sisi Wakisii R tunaipenda. L tunaijua, tulifunzwa shuleni, lakini mdomo ukifunguka R ndiyo inatoka kwanza. Mtu anakuambia amesahau karamu nyumbani na hakuna sherehe yoyote, anataka tu kalamu ya kuandika. Kwa kuongea hakuna shida, tunaelewana. Shida ni kuandika. Niko na saiba ndogo hapa Kebirigo, duka la kompyuta na intaneti, nachapia watu vitu, na kuna wakati nilichapia kanisa tangazo la "mahari pa mkutano." Wazee wakaja kuuliza ni msichana wa nani anaolewa.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliamua kumaliza hii aibu. Mimi shule nilifika darasa la nane nikasema asanteni sana. Yeye aliendelea mpaka chuo, anasomea kompyuta Kisii mjini, na huko akatengeneza programu. Unaandika kawaida na R zako zote. Yenyewe inakaa kando ikisoma kila herufi unagonga, na ikiona "mahari pa," inajua hapo hakuna ng'ombe wa mtu, inaweka "mahali pa." Siku ya kwanza niliicheka. Siku ya pili nilikuwa naitumia.

Sasa kulikuwa na ofisi moja ya kuchapisha vitabu Kisii mjini, ilimwambia alete hiyo programu Alhamisi waijaribu kwa mashine yao. Ikifanya kazi, wanamchukua atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya wanafunzi. Na bila atachimenti, chuo hakuna kumaliza. Wenzake walikuwa wametafutiwa nafasi na wajomba. Wajomba wetu sisi wanajua majani chai tu.

Jumatatu akakuja saiba na programu yake kwa flashi. Aliichomeka tu, kompyuta ikawa nyekundu. Antivairasi, ile programu ya kulinda mashine na virusi, ikaandika kwa Kizungu kwamba imeshika mwizi wa maneno ya siri na imemfungia. Faili yake ikapotea tukiangalia.

"Umeniletea ugonjwa kwa biashara?" nikamuuliza.

Hakucheka. Na huyu ni mtu anacheka hata matangani.

"Niliandika mwenyewe, kila mstari. Bro, kwani nimetengeneza virusi bila kujua?"

"Wewe ugali inakushinda, utaweza virusi?"

"Naongea ukweli! Ile ofisi iko na antivairasi kama hii yako. Wataniita mwizi mbele ya watu." Akanyooshea ile antivairasi kidole. "Ebu izime."

"Sizimi. Watu wanaleta hapa flashi zimetoka sijui wapi. Nikifungia mbwa ndio wewe upite, ni nani mwingine atapita?"

Lakini nilikuwa nimekumbuka kitu. Kwetu mtu akipiga nduru, kijiji yote inatoka na chenye iko mkononi. Mchana mmoja jirani yetu alipiga nduru kwamba kuna mwizi kwa migomba yake. Tukazunguka hiyo migomba na majembe na rungu, mama yetu na mwiko uko na ugali bado. Aliyetoka huko ndani ni mume wa binti ya huyo huyo jirani, amefunga tai vizuri. Alikuwa ameona mama mkwe anakuja, na kwa heshima zetu mkwe hakutani na mama mkwe ovyo ovyo kwa njia, basi akaingia migomba ajifiche. Heshima tupu. Lakini kwa mbali inafanana na wizi.

"Programu yako ni mkwe kwa migomba," nikamwambia.

"Ati nini?"

"Mwizi wa maneno ya siri anafanya nini? Anasoma kila herufi unagonga. Na yako? Inasoma kila herufi. Hakuna mtu ameiona ikiiba. Imeonekana tu ikinyemelea."

Hapo kichwa yake ikawaka. "Lakini yangu haiweki kitu, haitumi kitu kwa mtandao. Naweza kuwaonyesha!"

"Kwanza tuulize majirani wengine."

Nakala ingine ya faili alikuwa nayo kwa simu. Kuna tovuti unaweka faili, antivairasi nyingi zinaiangalia pamoja. Karibu zote zikasema ni safi. Ni yangu na nyingine moja tu zilikuwa zinapiga kelele. Mimi nikaanza kucheza. Mdogo wangu akasema ngoja, hata mwizi mgeni majirani hawamjui, hiyo haitoshi. Akawaandikia wenye antivairasi wenyewe, akawatumia faili, akaeleza inasoma nini na kwa nini. Mimi nilitaka tuongeze matusi kidogo hapo mwisho. Akafuta.

Jumanne, kimya. Jumatano, kimya, na mtu wangu hata chakula hali. Alhamisi asubuhi, amevaa viatu za mama, jibu likaingia: wamechunguza, faili ni safi, kosa ni lao, tusasishe antivairasi. Tukasasisha, akarudisha nakala kwa flashi. Nikachomeka flashi. Hakuna nyekundu. Nikafunga saiba nikaenda naye, eti kumbebea mkoba.

Kwa ile ofisi mkubwa wao, mzee wa huku huku kwetu, akachomeka flashi. Nyekundu!

"Binti, ni nini hii umetuletea?"

Nikafungua mdomo. Yeye akawa ameniwahi.

"Ni kosa la antivairasi, mzee, na wenyewe wamekubali. Barua yao hii hapa. Lakini usiniamini mimi. Sasisha yako, halafu uiulize tena."

Mimi nikarudi kwa kazi yangu ya kubeba mkoba. Wakasasisha, tukangoja, akaweka nakala tena kwa flashi, ikachomekwa. Kimya. Mzee akaandika kwa kidole kimoja: "Wageni watakura." Kioo ya kompyuta ikasema watakula. Akarudia. Watakula. Akaita karani wake, "Kuja uone! Hii kitu inanijua!"

Halafu akamwangalia mdogo wangu. "Unaanza Jumatatu."

Huko nje akamtumia mama ujumbe. Jibu likarudi haraka: "Mungu ni mwema. Kujeni tukure kuku." Mdogo wangu akacheka sana, akasema sasa lazima atengeneze ya simu.

Nikamwambia atengeneze ya simu zote, lakini ya mama asiguse.