Kalenda ya Dokta

Mdogo wangu anaitwa Dokta, na nisikudanganye, hajawahi kutibu hata kuku. Ni fundi wa majenereta. Jina alijipa mwenyewe siku aliponunua koti jeupe na kuanza kuchomeka bisibisi kwenye mfuko wa kifuani, pale madaktari wanapoweka kalamu. Watu wakalichukua kwa utani, yeye akalichukua kwa dhati. Mimi ni dada yake mkubwa, ndimi ninayekaa mapokezi hapo karakanani kwake. Napokea simu, naandika kadi za mashine za wateja, na kila mwaka ukianza natundika kalenda mpya ukutani na kuzipiga Jumapili zote mstari mweusi, maana Jumapili hatufungui.

Dokta hakuna asichokijua. Ukiumwa jino atakueleza, ukipasukiwa na bomba atakueleza, na bomba likiendelea kuvuja atakueleza kwamba hukumsikiliza vizuri. Mkewe, wifi yangu, ni mtu wa maneno machache. Anafanya kazi kiwanda cha sare za shule, kitengo cha kukata. Anapanga tabaka thelathini za kitambaa, anapitisha mashine, na hakuna kola inayotoka fupi. Ana watoto wawili, na alishasema wanatosha mpaka yule mdogo aanze shule. Kwa hiyo kila miezi mitatu alikuwa anakwenda kliniki kuchoma sindano. Ilimnenepesha kidogo, ikamvurugia siku zake, naye akavumilia. Aliyeshindwa kuvumilia ni Dokta! Hakuchomwa yeye, hakunenepa yeye, lakini aliyechoka ni yeye.

"Achana na hizo sindano," akamwambia. "Mwili ni mashine. Ukiijua ratiba yake huhitaji dawa. Niachie mimi."

Wifi akaenda kumuuliza muuguzi. Muuguzi akamwambia kuhesabu siku ni njia, ila wanaonasa mimba nayo ni wengi, hata wale wanaohesabu vizuri, na yeye anayetoka kwenye sindano siku zake zilikuwa hazijatulia. Akampa kondomu azitumie kwanza. Wifi akazileta nyumbani. Dokta akaziangalia kama vile ameletewa soksi za mtu mwingine, akazitupia juu ya kabati.

"Muuguzi anajua nini kuhusu ratiba?" akasema.

Basi ratiba akaiweka karakanani, kwenye kalenda yangu, katikati ya servisi za majenereta ya watu. Wifi akiona siku zake anamwambia, Dokta anaanza kuhesabu kutoka hapo na kupaka rangi: kijani ni salama, nyekundu ni hatari. Kila mchana anamtumia mkewe ujumbe kazini: "Leo kijani." "Leo nyekundu." Na mimi mjinga mwanzoni nilikuwa naziona zile rangi kila siku, nikidhani ni za jenereta la hospitali.

Miezi tisa ikapita salama. Loo, alivyovimba kichwa! Aliwafundisha hadi wateja. Muuguzi alikuja kutueleza baadaye kwamba miezi ile ni sindano ndiyo ilikuwa bado haijamtoka wifi mwilini. Dokta alikuwa anajisifia kazi ya sindano aliyoitukana.

Mwezi wa kumi wifi akakosa siku zake. Akapima, mistari miwili. Akampelekea mumewe kile kipimo mkononi, amekonda uso, hajala tangu asubuhi. Na yule bwana, baba wa watoto wake wawili, akamtazama akamuuliza: "Ya nani?"

Kwa sababu yeye alihesabu. Hesabu zake hazikosei, kwa hiyo aliyekosea ni mke. Ndivyo akili yake ilivyo, na ukiichunguza huna utakachopata humo.

Jumamosi mchana akatuita kwa mama. Alikuwepo mama, mimi, wifi, na baba mdogo wa wifi, aliyeitwa kuja kumchukua binti yao. Dokta alishaamua: mke arudi kwao, watoto wabaki. Alikuja na koti lake jeupe, jamani. Kwenye kikao cha kumvunjia mwanamke nyumba, mtu amevaa koti la kazi! Mama akawa anatikisa kichwa kila mwanawe akisema, maana kwake huyu tangu azaliwe hajawahi kukosea. Baba mdogo wa watu ameinamisha uso, anaona haya ya jambo ambalo hata halijathibitika.

Wifi hakulia. Akaniambia tu, "Wifi, naomba kalenda."

Karakana ni mtaa wa pili. Nilikwenda mbio, nikaing'oa ukutani na msumari wake, nikaitandika mezani mbele ya mama.

"Haya Dokta, hesabu," nikamwambia. "Hesabu kwa sauti, tukusikie."

Akaweka kidole. Siku zake za mwisho wifi alizianza Jumatatu. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Hapo akafika Jumamosi. Kidole kikaruka, kikatua Jumatatu. "Saba, nane…"

"Ngoja," mama akasema. "Mbona umeruka Jumapili?"

"Jumapili hatufungui, mama."

"Hamfungui nini?"

Nikainama kuangalia vizuri. Kwenye kalenda nzima hakuna Jumapili hata moja yenye rangi. Zote zina mstari wangu mweusi tu, na yeye alizipita kama anavyozipita kwenye servisi. Mwanamume mzima amemhesabia mkewe siku za kazi! Nikaweka kidole changu nikahesabu kama watu wenye akili, na siku ya kumi na nne, ile ya hatari kuliko zote, ikaangukia Jumapili. Jumamosi nyekundu, Jumatatu nyekundu, katikati pameachwa wazi. Na Jumapili ndiyo siku pekee Dokta anashinda nyumbani.

"Siku hiyo nilikuuliza," wifi akasema. "Ulikuwa umekaa kitandani. Nikakuuliza, leo je? Ukanijibu, leo hakuna rangi."

Mama alifunika uso kwa kanga. Baba mdogo aliinua wake kwa mara ya kwanza tangu afike. Na Dokta, hana hata haya, akacheka! Akajipiga kofi pajani akasema, "Ah, kumbe kosa dogo tu! Basi, yameisha. Mama watoto, inuka twende nyumbani."

Wifi akainuka. Akakunja kalenda, akaiweka kwenye mkoba wake.

"Nyumbani naenda mimi na wanangu," akasema. "Mimba ni yako, na umeijua leo kwenye karatasi. Mimi nilitaka uijue kwangu. Wewe baki hapa kwa mama."

Dokta akanigeukia mimi, dada yake niliyemlea, nimtetee. Nikamwambia afunge vifungo vya koti, anatia aibu.

Sasa ni mwezi wa nne analala kwa mama, kwenye kitanda chake cha utotoni, miguu imening'inia nje. Mimba imekua, na kliniki nampeleka mimi. Kila mchana, saa ileile aliyokuwa anatuma zile rangi zake, namwona Dokta pale karakanani anatoa simu, anamwandikia mkewe kuuliza kama leo anaweza kurudi nyumbani. Na kila mchana jibu linakuja lilelile: "Leo hakuna rangi."