Nyumba ya Bolti Kule Mgeta

Hidaya Stambuli anachora nyumba za kubeba. Ukimuuliza kazi yake atakujibu hivyo hivyo huku anacheka, maana anajua utadhani anasema mahema. Mahema yako wapi! Ni nyumba kamili za mbao na mabati, zina sebule, vyumba na baraza, ila zinatengenezwa vipande vipande kwenye karakana moja huko Kihonda, zinapakiwa kwenye lori, na zikifika zinakokwenda zinaungwa kwa bolti. Ukuta unaondoka mjini na dirisha lake tayari, na kitasa cha mlango kinang'aa. Fundi anachohitaji ni spana, wenzake wawili watatu wa kumshikia, na ramani ya Hidaya mbele ya macho.

Lakini kwa miaka mingi nyumba zenyewe hakuzichora. Alichora vibanda. Abdulmajid, mwenye karakana, mtu mwema ila mbishi kupita kiasi, alikuwa anampa vibanda vya chipsi, vibanda vya mawakala wa simu, vibanda vya walinzi, na Hidaya alivichora kwa adabu huku roho inamuuma. Nusu ya vibanda vya chipsi kuanzia Msamvu mpaka Mazimbu vimepita kwenye kompyuta yake. Kila akiomba nyumba, Abdulmajid anamwambia, "Nyumba ni ya watu kulala, dada. Kibanda kikikosewa, chipsi zitauzwa nje."

Ndipo akaja Severini. Kijana wa Mgeta, mkulima wa kabichi na karoti, anataka kuoa na hana nyumba. Akaeleza hali yake akiwa amesimama mlangoni, maana viatu vilikuwa na tope. Lori linafika Nyandira sokoni, basi. Kutoka hapo ni njia ya miguu, inapanda na kupindapinda kwenye matuta ya mboga mpaka kwa kina Winfrida, mchumba wake. Tofali linapandishwa moja moja kichwani. Saruji ikifika juu, aliyeibeba anadai zaidi ya aliyeiuza. Amesikia kuna nyumba za kuunga, je, zinaweza kupanda mlima?

"Zinapanda," Hidaya akajibu kabla bosi hajafungua mdomo.

Abdulmajid akamwangalia, akamwangalia tena. "Haya. Nyumba yako hiyo. Ikisimama, vibanda nampa mtu mwingine. Ikirudishwa chini, usiniletee tena habari za nyumba mpaka nizeeke."

Hidaya hakuanza na kompyuta. Alipanda Mgeta na ubao mrefu, akamwambia Severini ashike ncha ya mbele, yeye akashika ya nyuma, wakaanza kuupandisha ule ubao kwenye njia. Wakifika kwenye kona, ubao ukigota kwenye kingo ya mlima, wanausogeza chini, msumeno unatoka, kipande kinakatwa, safari inaendelea. Watu waliokuwa wanapalilia waliacha majembe. Mama mmoja akauliza kwa sauti kama wanajifunza kubeba jeneza. Walipofika juu, ubao uliobaki ndio ulikuwa kipimo cha mwisho cha upana wa ukuta wowote wa nyumba ile, na Hidaya akaukumbatia kwa furaha, mtu mzima, mbele za watu.

Ramani aliyoichora baada ya hapo ilikuwa tamu. Sitaki kumsifia sana, lakini ilikuwa tamu. Kila kipande kinabebwa na watu wawili, na kila kimoja kina namba yake. Kuta zimeshikana, huu unaukamata ule, mpaka kwenye kipande kimoja chembamba cha mwisho ambacho kikikazwa nyumba nzima inatulia. Kipande hicho alikiweka barazani, mahali pa wazi, ili siku ya kufungua fundi asihangaike.

Siku ya kupandisha ilikuwa sherehe kabla ya sherehe. Lori linalokwenda kuchukua kabichi kwa safari ya Dar lilikuwa linapanda tupu, kwa hiyo likabeba nyumba. Pale Nyandira kijiji kizima kikashuka kupokea. Wanawake wakajitwisha mabati juu ya ngata zao, wanaume wakachukua kuta, na ikaanza kupanda nyumba ya watu katikati ya bustani za karoti, mlango mbele, madirisha nyuma, nyimbo juu. Dada mmoja alichomoza uso kwenye dirisha la ukuta unaotembea, akapiga kelele, "Hodi!" Wabebaji wote wakaitika, "Karibu!" wakacheka mpaka ukuta ukataka kuwaponyoka. Kila kona ilipita. Hidaya alikuwa anapanda nyuma yao, hana anachobeba, na moyo wake ulikuwa unaruka.

Juu waliwakuta kina mama wa ukoo wa Winfrida wamekaa kwenye msingi wa mawe, wanasubiri. Mkubwa wao alikuwa Bibi Scholastika, bibi yake Winfrida, mwembamba, ana rozari shingoni na macho ambayo hayakosi kitu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu tueleze hiki kitu."

Hidaya akaeleza. Akatandaza ramani, akaonyesha chumba hiki na chumba kile, wakatikisa vichwa wakaridhika. Angeishia hapo. Lakini mtu akiwa na furaha huwa hajui kunyamaza, na yeye alikuwa ameacha utamu wa mwisho akidhani ndio utawamaliza kabisa. "Na uzuri wake, bibi, nyumba hii haimfungi mtu! Mkichoka kukaa hapa, mnaanzia kipande hiki cha barazani, bolti zinafunguka, mnaondoka na nyumba yenu mpaka popote mnapotaka."

Hakuna aliyecheka. Wale kina mama waliangaliana.

"Inafunguliwa?" Bibi Scholastika akauliza.

"Ndiyo bibi. Yote."

"Na mwanaume akiamka vibaya asubuhi, anaweza kuifungua akaondoka nayo?"

Hapo Hidaya akaanza kuona alipokanyaga. Kule milimani kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Binti anakaa kwenye ardhi ya mama yake na bibi yake, na mwanaume ndiye anayekuja, anajenga hapo, anaishi na wakwe. Akiondoka, anaondoka peke yake. Hidaya mwenyewe mama yake alikuwa Mluguru, lakini alikulia mjini kwenye nyumba ya baba, na mambo haya aliyasikia tu kwa mbali, kama mtu anavyosikia habari za ndugu asiowatembelea.

"Baba yake Winfrida alipoondoka," bibi akasema, "aliondoka na redio na shuka moja. Nyumba ilibaki, na huyu mtoto akakulia humo. Ingekuwa inafunguka, angeifungua. Mwanangu, umefanya kazi nzuri, lakini nyumba ya namna hiyo kwenye ardhi yetu hapana. Irudisheni kwenye lori."

Severini aliapa kwa watakatifu wote anaowajua. Wapi. Winfrida aliingia kwenye nyumba ya kwao pale pembeni akafunga mlango. Ndoa ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, padre ameshatangaza, na nyumba imelala vipande vipande kwenye majani.

Hidaya akaenda kukaa juu ya rundo la kuta zake, hasira zimemjaa. Maana yeye bolti alizipenda kwa sababu yake mwenyewe. Alipoachwa na mumewe alitoka kwenye nyumba aliyoisimamia tofali kwa tofali akiwa na sanduku la nguo, kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha upande wa mume na tofali halibebeki. Toka siku hiyo akasema, mwanamke akipata nyumba ya kubeba, hakuna wa kumtoa mikono mitupu. Ndiyo furaha yake yote ya kazi hii. Leo anaambiwa na wanawake wenzake kwamba nyumba ya kubeba ni mlango wa kumtorosha mwanaume! Alikasirika kweli. Lakini kadiri alivyowaza ndivyo alivyoona kwamba bibi hana kosa. Wote wawili walikuwa wanaogopa jambo lile lile, mwanamke kubaki hana pa kukaa. Tatizo lilikuwa ni nani anaanza kufungua.

Severini akaja akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Dada Hidaya, naomba unichoree nyumba ambayo mimi siwezi kuondoka nayo."

Hidaya akacheka kwa mara ya kwanza toka asubuhi. Katika wateja wote wa karakana ile, hakuna aliyewahi kuagiza kitu kama hicho. Akaitandaza ramani juu ya ukuta, akaweka mawe kwenye pembe upepo usiichukue, akatoa penseli. Akakifuta kile kipande cha barazani. Akazunguka nacho nyumba nzima, chumba kwa chumba, mpaka akakisimamisha jikoni. Kisha akapiga mstari mmoja mnene mbele yake, akaenda na karatasi kwa kina mama.

"Bibi, naomba unisikilize tena kidogo, safari hii sitaongea sana. Nyumba hii haiwezi kufunguka mpaka uanzie kipande kimoja tu. Nilikiweka barazani, nilikosea. Nimekihamishia jikoni, nyuma ya jiko. Na jiko sitalileta mimi kwenye lori. Jiko mtalijenga ninyi, kwa mawe yenu na udongo wenu, mkiliegemeza hapo hapo. Basi anayetaka kufungua bolti ya kwanza, lazima alibomoe jiko. Sasa nawauliza wenyewe, kwenye ukoo huu, nani anaweza kubomoa jiko la binti yenu?"

Wakaanza kuongea wote kwa pamoja, Kiluguru kikatembea. Mmoja akainua mkono. "Hayupo! Labda mwenye jiko mwenyewe."

"Basi ni mwenye jiko mwenyewe," Hidaya akasema.

"Na Winfrida akitaka kuhama nayo?" mwingine akachokoza.

Bibi Scholastika akaiangalia ramani, akaigusa pale penye mstari mnene. "Akitaka? Si jiko lake?"

"Sasa mimi nitabaki wapi?" Severini akauliza, uso umemshuka.

"Barazani!" wakajibu wote, na mlango wa Winfrida ukafunguka, maana alikuwa anasikiliza muda wote.

Kazi ikaanza. Frank, fundi wa karakana, alinung'unika kutoboa upya matundu ya ukuta wa jikoni, akasema wachora ramani ndio wanaomzeesha, lakini alitoboa, na vizuri. Wanawake wakashuka mtoni kuchagua mawe. Walichagua kwa madaha na mabishano, jiwe hili baya, jiwe hili zuri, na wakajenga jiko nene linalotosha kupikia harusi mbili. Kenchi zikapanda, mabati yakapigwa, baraza ikatazama bondeni. Siku mbili kabla ya ndoa nyumba ilikuwa imesimama, na moshi wa kwanza ukatoka jikoni kwa Winfrida. Hidaya akaipiga picha akamtumia Abdulmajid. Akajibiwa kwa sauti iliyorekodiwa, na nyuma yake msumeno unalia: "Haya, nimeshindwa. Vibanda nimempa mwingine. Usiringe sana." Akaisikiliza mara kadhaa, akiringa.

Wakala ubwabwa na maharage barazani. Bibi Scholastika akajisogeza karibu na Hidaya.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Mjini bibi, Mwembesongo. Nimepanga chumba."

"Sijakuuliza unalala wapi. Mama yako mtu wa wapi?"

"Kinole. Anaitwa Mwanvita. Alishafariki."

"Mluguru?"

"Mluguru."

Bibi akaweka sahani chini, akawageukia wenzake. "Jamani, msikieni huyu! Mama yake wa Kinole, halafu amepanga chumba!" Wakaguna, wakamcheka, wakamwonea huruma, vyote kwa pamoja. "Anajengea watu milima yote, kwao hajafika!"

"Sikuambiwa kama nina kitu huko," Hidaya akasema.

"Ulikwenda kuuliza?"

Mtandao pale kileleni ulikuwa mzuri, na wanawake wale hawakuwa na mpango wa kumwacha apumue, kwa hiyo akatoa simu, akatafuta jina la mjomba wake Abdulatif, ambaye hakuwa amempigia toka msiba wa mama.

"Shikamoo mjomba. Ni Hidaya. Hidaya wa Mwanvita."

"Marahaba! Hidaya! Uko salama? Kuna tatizo?"

"Hakuna mjomba. Nilikuwa naomba kuuliza tu..." Akawaangalia kina mama, wakamhimiza kwa mikono. "Naomba kujua, mama alikuwa na sehemu huko? Na kama ipo, naomba kama mtaniruhusu..."

Upande wa pili mzee akacheka kicheko kirefu cha furaha. "Sehemu ya mama yako ipo pale pale juu ya nyumba ya bibi yako. Ina migomba na mikarafuu. Kila mwaka tunaipalilia, na kila mwaka wake za wajomba zako hawa wananiuliza tumpe nani, nawaambia ina mwenyewe. Unaomba nini sasa? Hapo huombi, Hidaya. Hapo unakuja tu."

Hidaya akakaa chini kwenye baraza aliyoichora mwenyewe, akalia mbele za watu kwa furaha, wala hakujificha. Bibi Scholastika akaichukua ile simu mkononi mwake, akamsalimu mjomba kama mtu anayemfahamu miaka yote, akaanza kumweleza nyumba ya Hidaya iweje, na jiko lijengwe upande gani.