Diski ya Nne na Firigisi ya Shemeji

Tulikuwa wanne katika ofisi ile ya Malaba. Mimi, niliyepika na kupiga deki. Binti yangu wa tatu, aliyepiga chapa karatasi za malori yanayovuka kwenda Uganda. Yeye ndiye aliyeniombea kazi. Bosi mwenye ofisi, mtu wa kwetu Sigalame, ambaye mama yake na mimi tulichota maji kisima kimoja. Na shemeji yake bosi, ndugu ya mke wake, aliyeletwa kutoka Nairobi akiitwa mtaalamu wa kompyuta. Majina yao yote ninayo, hata la ubatizo, hata la babu ya kila mmoja. Siyaandiki. Wana wajukuu, na wajukuu hawajakosa kitu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Bosi alikuwa na ofisi nyingine Busia mjini, na huko ndiko alikopenda kukaa kwa sababu kulikuwa na kiti cha kuzunguka. Alitaka akae kwenye hicho kiti, aone kioo cha kompyuta ya Malaba kupitia waya wa simu, aone kila herufi binti yangu anayopiga, na akipenda aiendeshe mashine yetu mwenyewe kutoka huko. Gari alikuwa nalo, na Busia si mbali. Makalio ndiyo hayakutaka kuondoka.

Programu ya kufanya hayo ilikuja kwa basi, diski nane ndani ya kiboksi. Binti yangu aliipokea, na kabla ya kutia sahihi akafungua kiboksi, akahesabu diski moja moja mbele ya karani wa basi. Ndivyo tunavyofanya mpakani. Malaba, mtu anayetia sahihi katoni iliyofungwa ni mgeni au ni mjinga. Lakini kule kufungua ndiko kulikotaka kumfukuzisha kazi.

Mtaalamu alifika Jumatatu, tai nyekundu, miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba. Nikaambiwa nichinje kuku. Kwetu shemeji akija anachinjiwa, na firigisi inawekwa juu ya sahani yake, yake peke yake, mwanamke haigusi. Sawa. Nikachinja. Akala firigisi, akafuta mdomo, akaketi mbele ya mashine.

Akatia diski ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mashine ikaandika Kizungu chake, binti yangu akanifasiria: weka diski ya nne. Shemeji akaiweka. Mashine ikaandika tena: weka diski ya nne. Akaitoa, akaipuliza kama uji wa moto, akairudisha. Weka diski ya nne.

“Si ndiyo hii!” akaifokea.

Ikawa hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kuku watatu. Mwanaume mzima anabishana na sanduku siku tatu, na sanduku linamshinda.

Jumatano mchana bosi akaja amefura. Nilikuwa nakusanya vikombe. Shemeji hakungoja kuulizwa.

“Huyu msichana alifungua mzigo huko kwa basi. Akazishikashika. Ameziharibu.”

“Nilihesabu tu, mzee,” binti yangu akasema.

“Nani alikutuma uhesabu?”

“Ni wewe, mzee. Ulisema hapa hakuna kutia sahihi kitu hujaona.”

Bosi alijua ni kweli. Niliiona machoni mwake. Lakini angemrudishaje shemeji nyumbani na aibu, halafu alale kitanda kimoja na dada yake? Akachagua usingizi wake.

“Mashine isipofanya kazi kufika Ijumaa,” akamwambia binti yangu, “wewe kazi huna.”

Binti yangu alikuwa na watoto wawili wa kulea bila mume. Bosi alilijua hilo vilevile.

Alhamisi asubuhi mtaalamu akavuka kwenda upande wa Uganda kuangalia viatu. Binti yangu akakaa kwenye kiti chake.

“Mama, hii mashine haisemi diski imeharibika. Kuna kitu inatafuta ndani yake, haikioni.”

Akafungua diski ya kwanza, akasoma, akasoma, kisha akacheka peke yake.

“Kuna orodha ya mzigo hapa! Kama zile ninazopiga kila siku. Wameandika kitu hiki kiko katoni ya nne. Hakimo. Wamekifunga ya sita.”

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hilo nililielewa mara moja, na mtu yeyote wa Malaba angelielewa. Orodha inasema vijiko viko katoni ya nne. Afisa wa forodha anafungua, anakuta sahani. Vijiko viko ya sita. Hakuna kilichopotea, lakini lori litalala hapo. Na dawa yake tunaijua. Orodha ikishapigwa mhuri haiguswi. Unahamisha vijiko.

Binti yangu akafanya hivyo hivyo. Akanakili diski ya nne kwenye diski mpya, akachukua kile kitu cha ya sita akakitia humo, akaandika nne kwa kalamu. Ile ya zamani akaiacha ilivyokuwa.

Mtaalamu akarudi na viatu vyake. Binti yangu akamweleza kwa heshima.

“Shemeji, waliofunga ndio waliokosea. Ukisoma ile orodha…”

“Mimi si karani nisome orodha. Wewe piga chapa.”

Binti yangu akaiweka ile diski yake mpya. Mashine ikaomba ya tano. Ya sita. Mpaka ya nane. Kisha Busia wakapiga simu, na sauti ya bosi tuliisikia mpaka jikoni: “Naona! Naiona Malaba!” Utafikiri amezaa.

Shemeji akanyakua simu. “Nimeitengeneza, shemeji. Ilikuwa kazi ngumu.”

Ijumaa bosi akaja kula naye. Nikapakua kuku wa tano. Shemeji akageuza vipande kwa kijiko, akageuza tena.

“Mama,” bosi akasema, “firigisi ya mgeni iko wapi?”

“Imeliwa.”

“Na nani?”

“Na aliyetengeneza mashine.”

Binti yangu alikuwa mlangoni, mdomo bado unang'aa mafuta. Akaja akaweka diski mbili mezani.

“Mzee, hii ndiyo ya nne iliyokuja kwenye kiboksi. Hii ni yangu. Shemeji atuonyeshe alivyoitengeneza mashine, kwa hii ya kiboksi.”

Shemeji akaangalia saa. Akasema basi la Nairobi litamwacha. Hilo basi lilikuwa linaondoka jioni, na kila mtu Malaba alilijua. Akaenda na viatu vyake vipya, akaiacha sahani yake imejaa.

Bosi hakuomba msamaha. Watu wa namna ile hawana mdomo wa hiyo kazi. Alimaliza kuku, akanawa mikono, akamwambia binti yangu, “Jumatatu uje mapema. Malori ni mengi.”

Labda diski zilikuwa saba, si nane. Labda tai ilikuwa ya rangi nyingine. Kama ulikuwepo, au ulisimuliwa na aliyekuwepo, nisahihishe, sitakasirika. Lakini mambo ya firigisi niachie, kwa maana niliipika mimi.