Wiki Iliyouzwa Chini ya Shali

Baba yangu alifundisha katika shule za mbali, Griftu, Modogashe na Kotile, na katika miaka hiyo yote sikumbuki Idi hata moja ambayo sote tulikula kwenye sinia moja. Sisi tuliishi Garissa na mama. Yeye kila mara alikuwa mahali ambako lori la mwisho lilikuwa limeshaondoka. Kwa hiyo, alipobakiza mwaka mmoja kabla ya kustaafu, hakuota ngamia wala duka. Aliota wiki ya Idi ya baada ya Ramadhani, kila mwaka, mkewe, watoto wake wanne na wajukuu wakiwa chini ya paa moja.

Aliyemuuzia ndoto hiyo alikuwa dalali wa zamani wa soko la mifugo. Siku hizi alivaa koti na kuuza haki ya likizo: mtu analipa mara moja, kisha kila mwaka anapewa nyumba kwa wiki moja huko pwani, kando ya bustani ya michezo ya maji. Alikuja nyumbani na picha za mifereji ya kuteleza, ya rangi zote, mirefu kuliko mnara wa msikiti wetu.

"Na mimi niteremke humo na buibui langu?" mama akauliza.

"Wewe, hooyo, mama yetu, utakaa kivulini uletewe chai. Atakayeteremka ni Mwalimu."

Mama alicheka hadi akafuta machozi. Baba aliuliza jambo moja tu. "Wiki yangu ni ya Idi?"

"Ya Idi, Mwalimu. Idi ikihama, nayo inahama."

Kisha dalali akalivua shali lake begani, akalitandaza juu ya mikono yao miwili kama wafanyavyo wauza ngamia, na vidole vikazungumza bei ambayo hakuna mwingine aliyepaswa kuijua. Jirani yetu aliketi hapo kama shahidi. Mimi, niliyekuwa likizoni kutoka chuo, nilisimama mlangoni na birika. Mikono ilipoachana, karatasi zilitolewa, na baba akatia sahihi bila kusoma hata mstari mmoja.

Mgeni atashangaa kwamba mwalimu hakusoma mkataba. Kwetu, mikono ikishaachana chini ya shali, kuichunguza karatasi mbele ya shahidi ni kumwambia mwenzako usoni kwamba ni mwongo. Dalali alilijua hilo kuliko sisi sote. Ndiyo maana alikuja na shali.

Niliyeisoma ni mimi, miezi kadhaa baadaye, nilipomaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani. Idi haikutajwa popote. Iliandikwa wiki ya kumi na tano ya mwaka, milele. Mwaka wa kutia sahihi Idi ilikuwa imeangukia humo, ikapita. Lakini Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na wiki ya kumi na tano haiendi popote. Nilimwonyesha baba kwenye kalenda ya ukutani. Ingepita zaidi ya miaka thelathini kabla hazijakutana tena.

"Nitakuwa nimepita tisini," alisema. "Mtanibeba hadi juu ya mfereji, kisha mniachilie." Akacheka peke yake. Kicheko kile ndicho kilichonifundisha kuchukia.

Alimpigia dalali simu. Jibu lilikuwa laini: angembadilishia wiki na mmiliki mwingine, Idi ijayo na zote zitakazofuata, mradi jambo hilo lisisikike mjini, kwa kuwa alikuwa na mkutano wa kuwauzia walimu wengine wanaokaribia kustaafu.

"Aabo," baba akaniambia, akinirudishia jina ninalomwita, kama wafanyavyo baba zetu wanapobembeleza. "Tumeshaipata. Nyamaza."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeshaamua kinyume chake.

Asubuhi ya mkutano niliketi miongoni mwa walimu wenye mvi. Baba na jirani yetu walikuwa safu ya mwisho. Picha za mifereji zilipopita ukutani, nikasimama.

"Idi ijayo itaangukia wiki ya ngapi?"

"Hilo ni la mwezi, binti, si langu." Ukumbi ukacheka.

"Ulimwambia baba yangu ni lako. Ulimwambia, kisha mkashikana mikono chini ya shali."

Kicheko kikakatika. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu akageuza kiti chake. "Chini ya shali? Mbele ya shahidi?"

"Nilikuwepo," jirani yetu akasema kutoka nyuma.

Nikasoma karatasi kwa sauti, polepole, kama mtu anayesomea darasa imla. Vikombe viliwekwa chini kimoja baada ya kingine. "Kwa huyu hata mbuzi kilema sinunui," mtu akasema, na watu wakaanza kutoka. Dalali hakunitazama mimi. Alimtazama baba.

"Mwalimu, si tulielewana?"

"Tulielewana," baba akasema, akitazama sakafu.

"Basi baki na karatasi yako."

Nimejiambia mara nyingi kwamba niliwaokoa walimu wale, na ni kweli niliwaokoa. Lakini sikusimama kwa ajili yao. Nilisimama ili niuone uso wa dalali ukibadilika, na nilijua bei yake ni Idi ya baba. Nililijua hilo nikiwa bado nimeketi.

Ndugu zangu hawakuja mwaka ule. Safari ilipokufa, kila mmoja alibaki alipokuwa. Siku ya pili ya Idi nilikwenda soko la mifugo, ingawa sikuhitaji mbuzi. Dalali alikuwa amerudi kwenye kikoi, shali begani. Alimnyooshea mkono mchungaji mmoja. Mchungaji akauficha wa kwake kwapani na kugeukia mbuzi zake. Nilisimama pale hadi dalali aliponiona, kisha nikasimama kidogo zaidi.

Nyumbani baba alikuwa ameketi mbele ya pilau. Mama, kwa ukaidi au kwa mazoea ya ndoto, alikuwa amepika ya watu wote.

"Ulikwenda kumtazama?"

"Ndiyo, Aabo."

"Umeridhika?"

"Bado."

Hakunikaripia. Alilisukuma sinia lile kubwa upande wangu, akaanza kula kutoka ukingo wa upande wake, peke yake.